Mawimbi ya Hatua Kumi: Jinsi Vyombo Vinavyosemezana Bila Waya

Kiuyu ni jina la mahali zaidi ya pamoja katika kisiwa cha Pemba. Ziko Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni upande wa Wete, na iko Kiuyu Mbuyuni katika Wilaya ya Micheweni, kwenye rasi ya kaskazini-mashariki ambako kuna msitu wa Ras Kiuyu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokusudiwa hapa. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, na mikarafuu, ambayo ndiyo sifa ya Pemba, haistawi huko kama inavyostawi magharibi mwa kisiwa. Kwa hiyo watu wake wameelekea zaidi baharini, kwa uvuvi na kwa ukulima wa mwani.

Jioni, wale wasiokwenda pwani hukaa barazani. Anapofika kijana aliyeshinda Wete au Chake Chake, haulizwi habari za mjini peke yake. Huulizwa pia amekuja na nini ndani ya simu. Kama anayo kasida mpya, au taarabu, au kibati kilichorekodiwa harusini, mwenziwe humwambia neno moja tu: “Nirushie.” Simu mbili huwekwa karibu karibu juu ya jamvi, vidole hubonyeza mara tatu au nne, na kabla chai haijapoa sauti ile ile imo katika simu zote mbili. Hakuna waya uliochomekwa. Hakuna bando lililotumika. Hata pale ambapo mnara wa simu haukamatiki, kazi hiyo hufanyika vile vile.

Ni kitu gani kilichovuka juu ya jamvi? Mwalimu wa fizikia akilipokea swali hilo kwa uzito wake, ataona kwamba ndani yake imo sehemu kubwa ya mambo anayoyafundisha: mawimbi, nishati, upitishaji na uakisi, na hata hesabu za vipeo. Na vifaa vya kulifanyia majaribio vimo tayari mifukoni mwa wazee wa wanafunzi wake.

Inafaa kusema kwanza kwamba neno la vijana ni sahihi kuliko wanavyodhani. Kituo cha redio hurusha matangazo, na simu iliyoko juu ya jamvi nayo hurusha. Kitendo ni kimoja. Kinachotofautiana ni nguvu, masafa na adabu ya mazungumzo. Chombo kidogo kinachoitwa Bluetooth ni kituo cha redio chenye kipitishi na kipokezi ndani ya chipu isiyozidi ukucha wa kidole.

Wimbi lenye urefu wa kiganja

Mwaka 1865 James Clerk Maxwell alichapisha milinganyo iliyoonyesha kwamba umeme na sumaku vikitikiswa pamoja huzaa wimbi linalosafiri kwa mwendo wa nuru. Wimbi hilo halikuwa limeonwa na mtu yeyote. Heinrich Hertz, katika mji wa Karlsruhe, Ujerumani, ndiye aliyelithibitisha kati ya mwaka 1886 na 1888: alirusha cheche upande mmoja wa chumba, na cheche nyingine ndogo mno ikaonekana katika kitanzi cha waya upande wa pili. Msomaji aangalie kwamba jaribio hilo lilikuwa la mawasiliano ya karibu. Redio ya kwanza duniani haikutoka nje ya ukumbi wa kufundishia.

Kisha ulimwengu ukashikwa na tamaa ya umbali. Guglielmo Marconi alivusha ishara juu ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1901, na kwa miaka mingi iliyofuata sifa ya mhandisi wa redio ilipimwa kwa maili. Mwishoni mwa karne ya 20 ndipo lilipozuka hitaji la kinyume chake, yaani kutengeneza redio ambayo haifiki mbali, na isiyotaka kufika mbali. Hiyo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu redio hiyo lazima iwe rahisi kwa bei, ile umeme kidogo sana, na iweze kusikilizana na mwenziwe katikati ya kelele za redio nyingine nyingi.

Mawimbi ya Bluetooth hutetema kiasi cha mara bilioni 2.4 kwa kila sekunde, yaani gigahezi 2.4. Mwanafunzi anaweza kuupata urefu wa wimbi hilo kwa kugawa mwendo wa nuru, mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa idadi ya mitetemo. Jibu ni mita 0.125, yaani sentimita 12 na nusu. Antena inayofaa huwa robo ya urefu huo au pungufu, kiasi cha sentimita tatu, na ikikunjwa kwa ufundi huingia hata ndani ya kisikilizio kinachokaa sikioni.

Kwa nini gigahezi 2.4 na si marudio mengine? Sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko ya kimaumbile. Mawimbi ya redio ni mali ya umma, na kila nchi huyagawa kwa leseni. Katika Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Lakini katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947, vipande vichache vilitengwa kwa ajili ya mashine za viwandani, za sayansi na za tiba, ambazo humwaga mawimbi bila kukusudia kuzungumza na mtu. Kimojawapo kilikuwa jirani ya gigahezi 2.45, ambako tanuri za mikrowevu hufanya kazi hadi leo. Mahali penye kelele kama hapo hapakugombewa. Ndiyo maana, miaka 50 baadaye, vyombo vidogo viliweza kuingia bila kodi na bila leseni, kama mchuuzi anayetandika mkeka wake pembezoni mwa soko.

Hapa kuna kosa moja linaloenezwa hata na walimu: kwamba marudio hayo yalichaguliwa kwa kuwa ndiyo yanayoafikiana na molekuli ya maji. Si kweli. Maji hufyonza mawimbi kwa nguvu zaidi katika marudio ya juu sana kuliko hayo, karibu na gigahezi 20. Hata hivyo, gigahezi 2.4 zinatosha kuyapasha maji moto, na zinatosha pia kufyonzwa nayo; jambo hili litarudi mbele.

Mfalme wa Denmark na waya wa kompyuta

Mwaka 1994 kampuni ya Ericsson ya Sweden ilitaka kuondoa waya uliounganisha simu na vifaa vyake. Kazi hiyo ilifanyika katika mji wa Lund, na waliotajika zaidi ni mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen na mwenzake Sven Mattisson. Mei 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliungana kuutangaza mpango huo kuwa kanuni ya pamoja, na toleo la kwanza la kanuni hiyo likatolewa mwaka 1999.

Jina lilitoka kwa Jim Kardach wa Intel, aliyelipendekeza mwaka 1997 kwa kumkumbuka Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa kwa lakabu “jino la buluu” na aliyesifiwa kwa kuziunganisha nchi zake. Lilikusudiwa kuwa jina la muda. Alama inayoonekana katika simu ni herufi mbili za kale za watu wa Kaskazini, H na B, zilizobebana. Vijana wa Pemba huigusa kila siku alama ya mfalme aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na kitu kwa kutomjua.

Nguvu inayotumika ni ndogo mno. Simu nyingi hurusha kwa miliwati 2.5 hivi. Tochi ya zamani ya betri mbili, yenye balbu ya volti 2.5 na ampea 0.3, hula miliwati 750, yaani mara 300 ya nguvu hiyo. Kipokezi nacho hutakiwa kisikie ishara iliyofifia hadi sehemu moja ya bilioni kumi ya wati. Na kufifia kunakuja haraka. Wimbi likitawanyika pande zote, nguvu yake hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: anayesogea kutoka mita moja hadi mita kumi hupokea sehemu moja ya mia tu ya alichokuwa akikipata. Mita kumi hizo, ambazo kwa kawaida hutajwa kuwa mpaka wa Bluetooth ya simu, si ukuta uliojengwa mahali fulani. Ni pale ambapo mnong’ono huanza kumezwa na kelele.

Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya umeme ya Taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa karibu kilomita 78. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme wa kazi, ule wa kuendesha jokofu na pampu, ulihitaji shaba, meli na miaka ya maandalizi ili uvuke mkondo wa Pemba. Wimbo hauhitaji shaba. Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kupeleka nishati na kupeleka habari, na wanafunzi wengi huichanganya.

Kama wachezaji wa kibati

Wapemba wanayo ngoma iitwayo kibati, ambayo ndani yake watu husemezana papo kwa papo, kwa maneno ya haraka yanayofuata mdundo. Anayesema hana budi kujua zamu yake inapoanza na inapokwisha, la sivyo maneno huparamiana. Bluetooth husemezana kwa namna hiyo hiyo. Wakati umekatwa vipande vya mikrosekunde 625, yaani vipande 1,600 katika kila sekunde. Chombo kimoja huwa kiongozi, ambaye saa yake ndiyo mdundo wa wote, na wengine wasiozidi saba wanaweza kushiriki kwa wakati mmoja. Kiongozi husema katika kipande kimoja, aliyeitwa hujibu katika kinachofuata. Kipande hicho ni kifupi kwa mwanadamu tu. Nuru husafiri kilomita 187 katika muda huo, na wimbi lililotoka Kiuyu lingekwisha kuvuka bahari na kuipita Tanga.

Maneno yenyewe ni ya tarakimu mbili, sifuri na moja. Ili kusema moja, kipitishi huongeza marudio yake kidogo, kiasi cha kilohezi 160. Ili kusema sifuri, huyapunguza kwa kiasi hicho hicho. Mtu aliyesikia zumari ikipanda na kushuka sauti ameelewa kanuni nzima.

Lakini jambo lililoipa Bluetooth uhai wake ni kurukaruka. Kipande chake cha mawimbi kimegawanywa katika njia 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi moja. Vyombo viwili vinavyozungumza havikai katika njia moja. Baada ya kila kipande cha wakati huhamia njia nyingine, kwa mpangilio unaoonekana kama wa kubahatisha, ila wote wawili wanaujua kwa kuwa umekokotolewa kutokana na anwani na saa ya kiongozi. Mtu achukue mfano wa nyumba yenye vyumba 79, na marafiki wawili wanaokutana kila mara katika chumba tofauti kwa kufuata orodha waliyopeana. Ikiwa chumba kimoja kina kelele, watapoteza neno moja, watalirudia katika chumba kinachofuata, na maongezi yatakwenda. Katika baraza lenye simu ishirini, makundi kadhaa yanaweza kurushiana kwa wakati mmoja, na mara chache sana yatagongana. Toleo la mwaka 2003 liliongeza busara nyingine: vyombo hujifunza ni vyumba vipi vimekaliwa na Wi-Fi, vikaviepuka.

Magazeti hupenda kusimulia kwamba Bluetooth ilivumbuliwa na mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr. Ni kweli kwamba yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani mwaka 1942 kwa njia ya kuongoza makombora ya chini ya maji kwa kurukaruka miongoni mwa marudio 88, idadi sawa na vibao vya piano, ili adui asiweze kuivuruga ishara. Akili yao inastahili heshima. Lakini wazo la kubadilisha marudio lilikuwapo kabla yao, na kuwafanya wao wawili kuwa chanzo pekee ni kutia chumvi. Uvumbuzi wa aina hii ni kama mtumbwi: aliyeushusha baharini siye aliyepanda mti.

Hesabu za wimbo mmoja

Wimbo wa dakika nne aghalabu huwa na megabaiti nne, na kila baiti ina biti nane, kwa hiyo ni biti milioni 32. Toleo la kwanza la Bluetooth, likiisha kutoa muda wa salamu na masahihisho, lilibeba biti 723,000 kwa sekunde. Mwanafunzi agawe: sekunde 44. Toleo la mwaka 2004 liliongeza kasi hadi maradufu na zaidi. Filamu ya megabaiti 700, hata kwa biti milioni mbili kwa sekunde, ingechukua dakika 46 na zaidi. Hii ndiyo sababu programu nyingi za kurushiana za siku hizi hutumia Bluetooth kwa kutambuana tu, kisha huukabidhi mzigo wenyewe kwa Wi-Fi baina ya simu na simu. Barazani bado husemwa “nirushie”, ingawa aliyebeba ni mwingine.

Kusikiliza moja kwa moja kwa spika ni kazi tofauti. Sauti ya kiwango cha santuri za dijitali huhitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, mzigo uliokuwa mzito mno. Kwa hiyo simu huikamua sauti, ikaacha yale ambayo sikio haliyatambui kwa urahisi, mpaka zikabaki biti kiasi cha 328,000. Kukamua na kukamuliwa upya huchukua muda, na ndiyo maana anayetazama mchezo katika simu huku sauti ikitoka katika spika ya mbali huona midomo ikitangulia maneno.

Mwaka 2010 ulikuja tawi jipya, Bluetooth ya nishati ndogo, ambalo mizizi yake ni kazi iliyotangazwa na Nokia mwaka 2006. Tawi hili halikukusudiwa nyimbo. Njia zake ni 40, na tatu kati ya hizo ni za kujitangaza: chombo huamka kwa milisekunde chache, hutaja jina lake na kipimo chake, kisha hulala tena. Kikiishi hivyo, betri ndogo ya umbo la sarafu hukitosha kwa miezi mingi na pengine miaka. Mizani, vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari vinavyopeleka hesabu zao katika simu ya mhudumu wa afya hutumia mtindo huo. Kwa vijiji vilivyo mbali na hospitali, hili ni jambo zito kuliko nyimbo zote.

Makuti, bati na mwili wa mtu

Wimbi la sentimita 12 lina tabia zake. Makuti makavu hulipisha karibu bila kulidhuru. Bati hulirudisha kama kioo kinavyorudisha nuru. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hulipunguza, na wakati wa masika, ukuta ukiwa umelowa, hulipunguza zaidi. Mtu akiiacha simu ndani ya chumba cha kuta nene na paa la bati, akatoka na spika uani, mara nyingi ishara inayomfikia imetokea mlangoni kwa kugongagonga kuta, si kwa njia iliyonyooka.

Mwili wa mwanadamu nao, ambao zaidi ya nusu yake ni maji, ni kizuizi. Anayeweka simu mfuko wa nyuma upande wa kulia na kisikilizio kimoja sikio la kushoto husikia sauti ikikatika atembeapo uwanjani, lakini haikatiki chumbani, kwa sababu chumbani kuta humrudishia mawimbi kwa njia nyingine. Jambo hili dogo lilileta taabu kubwa mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, pale Apple na Google zilipotengeneza utaratibu wa simu kukumbuka simu zilizokuwa karibu nazo. Ukaribu ulikisiwa kwa nguvu ya ishara. Lakini watu wawili wanaopeana mgongo kwa mita moja wanaweza kuonekana wako mbali kuliko watu wanaotazamana kwa mita nne. Nguvu ya wimbi si utepe wa kupimia.

Mlango ulioachwa wazi

Simu mbili zikitaka kuaminiana, huoanishwa. Hapo zamani watu waliandika namba ya siri, mara nyingi 0000 au 1234, ambayo haikuwa siri kwa mtu yeyote. Tangu toleo la mwaka 2007, vyombo hupatana ufunguo kwa hesabu ambazo msikilizaji wa pembeni hawezi kuzifuatilia hata akisikia kila neno, na mwenye simu huombwa kulinganisha tarakimu sita zinazoonekana katika vioo viwili. Wengi hubonyeza “oanisha” bila kuzitazama. Tarakimu hizo ndizo ulinzi wenyewe. Ndizo zinazohakikisha kwamba hakuna mtu wa tatu aliyejipenyeza katikati akijifanya mwenzako kwa mwenzako.

Hatari si ya kubuni. Mwaka 2004 ulitokea mdudu wa simu aliyeitwa Cabir, aliyeenea kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth peke yake. Aliomba ruhusa kabla ya kuingia, na watu walimpa. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza makosa yaliyoitwa BlueBorne, ambayo hayakuhitaji hata ruhusa: ilitosha Bluetooth iwe imewashwa. Makosa hayo yalizibwa kwa programu mpya, lakini simu za bei nafuu, na zile zilizopita mikono mitatu kabla ya kufika kijijini, aghalabu hazipati programu mpya. Kwa hiyo mwenye simu kuukuu ana sababu zaidi ya kuizima Bluetooth asipoitumia kuliko tajiri mwenye simu ya mwaka huu.

Lipo na deni jingine. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mtunzi wa wimbo, na chombo cha COSOZA kimewekwa kwa kazi hiyo. Wimbo unaorushwa mara mia barazani humpa sifa mwimbaji, lakini humpa shilingi ngapi? Mwalimu anayewarushia wenziwe mitihani iliyopita aliyoipakua mjini hamnyang’anyi mtu riziki. Anayerusha albamu nzima ya kikundi cha taarabu ambacho bado kinadaiwa kodi ya ukumbi ana jambo la kufikiri.

Sikio

Wazee huuliza kama mawimbi haya yanadhuru. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo pengine vinaweza kusababisha saratani, hasa kwa kuzingatia uchunguzi wa watumiaji wa simu. “Pengine” hapo maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa haba. Kwa upande wa fizikia, chembe moja ya nishati ya gigahezi 2.4 ina elektrovolti 0.00001 tu, ilhali kung’oa elektroni katika atomi za mwili huhitaji kiasi cha elektrovolti kumi, yaani mara milioni moja zaidi. Mawimbi haya hayawezi kuvunja chembechembe za urithi kama mionzi ya eksirei inavyoweza. Yanaweza kupasha moto, na kwa miliwati 2.5 joto hilo halipimiki kwa urahisi.

Linalodhuru ni lile ambalo halihofiwi: sauti yenyewe. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikipanda hadi desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa nne kwa juma. Kijana anayelala na visikilizio masikioni, sauti ikiwa juu ili kuushinda upepo wa kusi, anaumaliza muda huo katika usiku mmoja. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviioti tena, na redio ya hatua kumi haina lawama. Ilileta tu kile ilichoambiwa ilete.

Chombo hicho hicho kinaweza kumfaa aliyekwisha kupoteza usikivu. Mwaka 2020 ilitangazwa kanuni mpya ya sauti ya nishati ndogo, ambayo huruhusu kipitishi kimoja kirushe kwa wasikilizaji wasio na hesabu, bila kuoanishwa mmoja mmoja. Katika darasa la wanafunzi wengi, mwalimu akiwa na kipaza sauti kidogo kifuani, mtoto mwenye kifaa cha kusaidia kusikia angempata kama amekaa mbele yake. Kinachozuia si fizikia, ni bei.

Jaribio la ndoo mbili

Zitafutwe ndoo mbili kubwa za plastiki, moja ijazwe maji ya mvua na nyingine maji ya bahari. Spika ndogo iwekwe juu ya meza mita mbili kutoka hapo. Simu ichezeshe kasida kwa Bluetooth, kisha ifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni isiyovuja, juu yake pafungwe uzi imara, na itumbukizwe polepole katikati ya ndoo ya kwanza, ili pande zote pawe na sentimita kumi za maji au zaidi. Jiwe dogo ndani ya mfuko wa nje litaisaidia kuzama. Mmoja wa wanafunzi aandike ni kwa kina gani sauti inaanza kukatika, na kama inakatika kabisa. Halafu ifanywe vivyo hivyo katika ndoo ya maji ya bahari.

Katika maji ya bahari spika itanyamaza mapema zaidi, na simu ikiinuliwa hadi usoni mwa maji itaanza kuimba tena. Wanafunzi waeleze, kwa kutumia waliyojifunza juu ya ioni na upitishaji wa umeme, ni kwa nini chumvi inaleta tofauti hiyo. Kisha wakadirie kama mzamiaji wa pweza anayevaa visikilizio vya Bluetooth angeweza kusikia chochote kutoka kwa mwenziwe aliyebaki ndani ya mtumbwi.